Krimu au kijivu chepesi? Kabla hujamtuma fundi dukani

Nyumba nyingi zinazomaliziwa sasa hivi, iwe Goba ya Dar es Salaam au Kitengela ya Kenya, zinakwama mahali pamoja. Lipu imekauka, skimu (mpako laini wa juu ya lipu) imeshapigwa msasa, fundi anasubiri hela ya rangi, na wenye nyumba hawajakubaliana. Mmoja anataka krimu aliyoizoea, mwingine ameona kijivu chepesi kwenye simu na hataki kusikia kingine. Ubishi huo hauishi kwa kuangalia kadi ya rangi. Kadi ina kipande cha sentimita chache kilichobandikwa kwenye karatasi nyeupe. Haina dirisha, haina sakafu, haina taa. Na hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua ukuta utaonekanaje.

Nianze na namba, maana "krimu" ya duka hili siyo krimu ya duka lile. Baadhi ya kadi zinazotembea Kenya na Tanzania zina namba za kiwango cha Uingereza, BS 4800, na ukishajua kuzisoma zinakueleza mengi kuliko jina la kupendeza lililoandikwa chini yake. Magnolia, ile krimu ya sebule nyingi tulizokulia, ni 08 B 15. Tarakimu mbili za mwanzo ni familia ya rangi: 00 ni kijivu kisichoegemea popote, 04 ni nyekundu, 08 ni njano inayoegemea nyekundu, 10 ni njano, 14 kijani, 18 bluu, 22 zambarau. Herufi inaonyesha ukijivu uliomo: A ni mwingi, E hakuna kabisa. Tarakimu za mwisho ni uzito wa rangi; ndani ya herufi moja, ikiwa ndogo rangi ni nyepesi. Kwa hiyo 00 A 01 ni kijivu chepesi kisichoegemea kokote, na 10 A 03 ni kijivu chenye njano ndani yake. Kijivu kinachoanza na 18 kina bluu hata kama jicho lako halijaiona pale dukani. Utaiona nyumbani.

Duka likiwa linatumia RAL, mfumo wa namba za rangi wa Ujerumani, krimu ni 9001 na kijivu chepesi kinachojulikana zaidi ni 7035, kile kilichopakwa kwenye makabati mengi ya umeme. Hicho kina ukijani kidogo. Kwenye kabati la umeme haudhuru. Kwenye ukuta mzima wa chumba cha kulala unajitokeza.

Kuna na fundi anayesema, "Usihangaike na mashine, nitakuchanganyia mwenyewe." Atachukua ndoo ya nyeupe, atamimina kichupa cha rangi nyeusi ya kuchanganyia, atakoroga. Kitakachotoka mara nyingi ni kijivu cha bluu, kwa sababu nyeusi ya masizi ikizimuliwa ndani ya nyeupe kwa kawaida huvutia kwenye bluu. Ili kitulie kinahitaji njano ya oksaidi kidogo, pengine na chembe ya nyekundu, na vipimo vyake ni vya matone. Hata akipatia, ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza. Krimu ya kuchanganya kwa mkono inavumilika zaidi, kwani tofauti ndogo ya njano kati ya kuta mbili zinazotazamana haionekani upesi. Kijivu hakisamehe. Kama umeamua kijivu, kichanganyiwe kwa mashine, kwa namba.

Sasa mwanga. Ushauri mwingi wa rangi unaozunguka mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya London au Toronto: dirisha la kaskazini lina mwanga wa baridi, paka rangi ya joto, dirisha la kusini lina jua, paka kijivu. Kwetu huo haufanyi kazi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, na mwezi Juni linainama kaskazini kwa nyuzi 30 hivi. Desemba linainama kusini kwa nyuzi 16 au 17 tu. Maana yake, mchana jua liko juu ya bati, na ukingo wa paa wa sentimita 60 unalizuia kwa sehemu kubwa lisiingie. Madirisha ya kaskazini na kusini yanapata zaidi mwanga uliogonga chini kwanza ndipo ukaingia. Nje kukiwa na pevingi za kijivu, mwanga unaoingia ni wa kijivu. Kukiwa na udongo mwekundu, unaingia na wekundu wake. Mgomba au mwembe ukiwa mita mbili kutoka dirishani, ukuta wa kijivu utakuwa na ukijani kila asubuhi, na hakuna rangi ya dukani itakayouondoa.

Mashariki na magharibi ndiko jua linakopita chini ya ukingo wa paa na kuingia chumbani. Chumba cha magharibi saa kumi na moja jioni kinapokea mwanga wa dhahabu. Krimu hapo inageuka kuwa rangi ya boga, na chumba ambacho tayari kina joto kinaonekana kina joto zaidi. Hapo kijivu kina haki yake: mwanga huo unakipasha, kinatulia, wala hakichoshi. Chumba cha mashariki hupata hali hiyo asubuhi, saa ambayo wengi wameshatoka, kwa hiyo usiipe uzito sawa.

Kuna kipimo kingine ambacho kampuni nyingi huweka nyuma ya kadi au kwenye tovuti zao: kiasi cha mwanga ambacho rangi inarudisha, kwa namba ya 0 hadi 100. Krimu nyepesi nyingi ziko kati ya 75 na 85. Vijivu vyepesi vingi viko kati ya 55 na 65. Pengo hilo linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba mwanga unaofika kona ya mbali haukutoka dirishani moja kwa moja. Umegonga ukuta mmoja, ukagonga mwingine. Kwa ukuta wa 80, baada ya kugonga mara mbili unabaki na asilimia 64. Kwa ukuta wa 60, unabaki na 36. Ndiyo sababu koridoo ya kijivu isiyo na dirisha lake huonekana kama stoo, hata kama rangi ileile imependeza sebuleni. Koridoo ni krimu, au nyeupe. Hapo sibishani na mtu.

Vioo navyo watu huvisahau. Madirisha ya alumini ya kusukuma yana kioo cha bluu, kijani au kahawia kwenye nyumba nyingi, na kioo hicho ni chujio. Nyuma ya kioo cha bluu krimu inapoteza joto lake na kuonekana na ukijani wa kuumwa. Kijivu kinakuwa baridi kabisa, kama ofisi. Nyuma ya kioo cha kahawia krimu inazidi kuwa ya kahawia na kijivu kinakuwa cha udongo, ambacho kwa kweli si kibaya. Fungua dirisha nusu, simama ndani, linganisha ukuta uliopigwa na mwanga wa kioo na ule uliopigwa na mwanga wa hewa. Ongeza na wavu wa mbu unaopunguza mwanga, na baraza mbele ya sebule, na utaelewa kwa nini sebule ya mbele mara nyingi ndiyo chumba cha giza kuliko vyote. Sebule yenye baraza pana, wavu na kioo cha rangi haihitaji kijivu. Itamezwa.

Lakini kinachoharibu kijivu kuliko vyote ni sakafu. Vigae vilivyojaa kwenye nyumba zetu ni vya krimu au vya maziwa vyenye mng'ao, vya 40 kwa 40 au 60 kwa 60. Ukuta wa kijivu chenye bluu ukisimama juu ya kigae cha krimu, jicho linavuta tofauti zao: kigae kinaonekana cha njano kuliko kilivyo, na ukuta unaonekana wa zambarau. Mwenye nyumba analalamika duka limekosea rangi, anarudisha kopo, duka linapima tena, namba ni ileile. Duka halijakosea, kigae ndicho kinachosema. Piga magoti, weka kipande cha rangi kikigusa kigae, pale ambapo skatingi (ukanda wa chini ya ukuta) itakaa, uone. Mahali hapo pana ukweli kuliko katikati ya ukuta.

Milango nayo ina neno lake. Mninga uliopigwa vanishi una wekundu mtamu, na krimu inaubeba vizuri kwa sababu zote mbili zimetoka familia ya njano na nyekundu. Kijivu cha bluu kando ya mninga kinaufanya mlango uonekane wa chungwa. Kijivu chenye njano kidogo, kama 10 A 03, kinakaa nao bila ugomvi. Milango ikiwa myeupe, au alumini ikiwa nyeupe na vigae ni vyeupe au vya kijivu, mambo yanageuka: hapo krimu ndiyo inayoonekana chafu, kama shati jeupe lililofuliwa na soksi, na kijivu kinakaa safi. Dari ya jipsamu nyeupe kabisa inafanya hivyohivyo juu ya krimu. Dawa yake ni ndogo: kwenye nyeupe ya dari, waambie dukani waongeze sehemu ya kumi tu ya vipimo vya krimu ya ukutani. Hakuna atakayejua dari si nyeupe, na ukuta utaacha kuonekana wa njano.

Taa. Angalia boksi la balbu, kuna namba yenye herufi K. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano, 4000 uko katikati, 6500 ni mweupe wenye bluu, na huo wa mwisho ndio umejaa madukani kwa sababu watu wanauona "unawaka zaidi". Krimu chini ya 6500 inapauka na kukosa uhai. Kijivu chini ya 6500 kinakuwa cha hospitali. Krimu chini ya 2700 inazidi njano. Ukilazimika kuchagua balbu moja kwa nyumba nzima, chukua 4000. Inazitendea rangi zote mbili haki. Na kama umeshapaka kijivu na usiku unakichukia, badilisha balbu kwanza ziwe za 3000, ukae nazo siku kadhaa, ndipo ufikirie kununua ndoo nyingine. Zile taa za mkanda zinazobadilika rangi pembeni ya dari sizizungumzii. Zikiwaka za kijani, ukuta wowote ni wa kijani.

Kwa uchafu, kila moja ina adui yake. Vumbi jekundu la Dodoma au Moshi halionekani upesi kwenye krimu, ila kwenye kijivu linaacha kivuli cha kahawia juu ya skatingi. Mafuta ya mikono kuzunguka swichi yanaonekana zaidi kwenye krimu, hasa ikiwa rangi ni ya maji isiyo na mng'ao. Kwa zote mbili, kuta zinazoguswa zipewe rangi ya maji yenye mng'ao wa hariri, inayofutika kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Mng'ao huo unafichua mawimbi ya skimu pale dirisha linapopiga ukuta kwa ubavu, basi ukuta wa namna hiyo upewe isiyong'aa. Rangi ya mafuta ndani ya nyumba ina tabia moja ya kuijua: huwa ya njano taratibu ikikaa mahali pasipo na mwanga. Krimu ikifanya hivyo hutagundua. Kijivu cha mafuta nyuma ya kabati kinageuka cha kijani kibovu, na utakiona siku unayohamisha kabati.

Namna ya kujaribu kabla ya kununua ndoo. Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi kwa namba zake. Omba kwa fundi wa dari vipande viwili vya bodi ya jipsamu, kama sentimita 60 kwa 60. Vipige praima, vikauke, kisha rangi mikono miwili, yaani tabaka mbili, hadi ukingoni, bila kuacha fremu nyeupe, maana nyeupe pembeni inadanganya jicho. Subiri hadi kesho yake. Rangi ya maji ikiwa mbichi ni nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka, na wengi hukataa au kukubali rangi ikiwa bado inang'aa maji. Usijaribu kwa kupaka kiraka juu ya ukuta wa zamani wa buluu au pichi, kwani utakuwa unalinganisha na jirani yake badala ya kuiona yenyewe.

Kipande kiegemezwe mahali patatu: ukuta unaotazama dirisha, ukuta wenye dirisha lenyewe, na kona ya mbali. Ukuta wenye dirisha ndio wa giza zaidi, kwa sababu mwanga unaupita ubavuni na jicho lako limezibwa na weupe wa nje. Rangi ikipita hapo, itapita popote. Angalia saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwa zimewaka na mapazia yamefungwa. Sebule ipe uzito wa usiku, kwani ndipo watu wanapokaa.

Hesabu ya rangi. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8 kina mzunguko wa mita 15, sawa na mita za mraba 42. Toa mlango mmoja na madirisha mawili ya kawaida, unabaki na kama 36.5. Juu ya skimu laini iliyopigwa praima, lita moja inapaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 7.3, yaani galoni mbili za lita 4. Kijivu juu ya nyeupe kinamaliza kwa mikono hiyo miwili, kwani nyeusi iliyomo inasaidia kufunika. Krimu juu ya ukuta wa zamani wa maruni au bluu itadai mkono wa tatu, na galoni ya tatu. Ukipaka andakoti nyeupe kwanza utaokoa rangi ya bei. Kwenye bei ya kopo lenyewe tofauti ni ndogo, maana zote ni rangi nyepesi zinazochanganywa kwenye besi ya nyeupe.

Lipu mpya iachwe siku 28 kabla ya chochote. Saruji mbichi ina ukali unaokula rangi na kusukuma chumvi nje, na ukanda wa pwani una chumvi yake tayari kwenye mchanga na hewa. Mabaka meupe ya chumvi kwenye krimu hayaonekani mwanzoni. Kwenye kijivu yanaonekana wiki ileile. Usichukulie hilo kama kasoro ya kijivu, limekuonyesha ukuta haujakauka. Kwangua kavu kwa brashi ngumu bila maji, acha upumue, piga praima inayostahimili ukali wa saruji, rudia.

Kosa linalojirudia kwa mafundi ni maji. Ndoo ya lita 20 inanyooshwa ifike 26, mkono wa kwanza unateleza vizuri, kila mtu anafurahi. Kwenye krimu hutaona kitu hadi taa iwashwe usiku na skimu ionekane chini yake kama ramani. Kwenye kijivu utaona papo hapo: mabaka, na michirizi pale rola ilipokutana na sehemu iliyoanza kukauka. Fuata kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye kopo, na mkono wa mwisho upakwe mzito. Kijivu kipakwe kwa ukanda wa mita moja kutoka juu hadi chini, ukanda unaofuata uingie kwenye wa kwanza ukiwa bado mbichi, na ukuta mmoja usiachwe katikati kwa ajili ya chai. Kingo za brashi pembeni ya dari zikatwe ukuta kwa ukuta, rola ifuate hapohapo. Zikikatwa chumba kizima kwanza zinakauka na kuacha fremu nyeusi kuzunguka ukuta. Makopo yote ya chumba kimoja yamiminwe kwenye ndoo moja kubwa yakorogwe pamoja, hata kama yametoka mashine moja siku moja.

Kwa nyumba ya kawaida ya vigae vya krimu, milango ya mninga na baraza mbele, mimi napaka krimu sebuleni na koridoo, 08 B 15 au ya familia ya 10 iliyo nyepesi zaidi, na kijivu chenye njano nakipa chumba cha magharibi. Kwa nyumba ya vigae vyeupe na alumini nyeupe nageuza, ila koridoo inabaki nyepesi. Nyumba ya kupangisha ni krimu bila mjadala: mpangaji akitoboa ukuta kwa misumari, kiraka cha krimu kinapotea ukikiangalia ukiwa mlangoni, ilhali kiraka cha kijivu, hata cha kopo lilelile, kinaonekana kwa sababu ukuta umeshapigwa na jua na kiraka hakijapigwa. Kwenye kijivu hupaki kiraka, unapaka ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Kwa hiyo bakiza lita 4 kwa sebule ya kijivu, lita 1 kwa ya krimu, kopo lifungwe vizuri na kuwekwa kivulini, namba, tarehe na jina la chumba vikiandikwa ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Usiandike kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.